Kila laini inaonyesha ampea 19 tu, mbona breka inakata?

"Habari za kazi, mtaalamu. Tuna raki nne kwenye chumba cha seva, kila moja ina seva 14 za pawa saplai mbili mbili za wati 1,100. Kila raki inalishwa na laini mbili, A na B, kila moja ampea 32, volti 230, fezi moja. Laini zote za A zinatoka UPS (kifaa chenye betri za akiba) moja, za B zinatoka UPS nyingine. PDU (vigawa-umeme vya raki vyenye soketi na mita) zinaonyesha ampea 19 hadi 20 kila upande, na onyo tumeliweka lilie ikifika asilimia 80. Wiki iliyopita UPS ya A ilizimwa kwa matengenezo. Dakika kama 40 baadaye breka ya laini B ya raki ya pili ikakata, raki nzima ikazimika. Tulipoirudisha ikakata tena papo hapo. Sasa mkuu wangu anataka tuongeze seva sita kwenye raki hiyohiyo kwa kuwa nafasi bado ipo. Kuna anayesema tuweke breka ya 40. Mwenzangu anasema tuziweke BIOS zote (mipangilio ya msingi ya seva) kwenye hali ya kuokoa umeme, breka itatulia na bili itashuka. Nimsikilize nani?"

Pole sana kwa kilichowakuta. Mtu anaingia gharama ya laini mbili na UPS mbili ili moja ikizimwa nyingine ibebe, halafu siku yenyewe ikifika anazikosa zote mbili. Kwenye barua yako yamo maswali matatu yaliyoshikana: kwa nini breka ilikata ilhali mita zilionyesha kama kuna nafasi, kama raki inaweza kupokea seva zaidi, na kama kubana umeme kwenye seva ni dawa ya breka na ya bili kwa pamoja. Nikujibu kwanza, kisha nieleze. Breka ilifanya kazi yake. Raki hiyo haina umeme wa seva hata moja zaidi, na imezidi tayari hivi ilivyo. Breka ya 40 msiiweke. Kubana umeme kunasaidia, ila dawa ya breka si dawa ya bili, na mkizichanganya mtakosa zote mbili.

Anza na hesabu ya ampea. Seva yenye pawa saplai mbili hugawa mzigo wake, nusu kwa A na nusu kwa B. Ampea 19.5 unazoziona upande mmoja ni nusu ya mzigo wa raki. A ikizimwa seva hazipunguzi kazi. Zinahamishia kila kitu B, na B inabeba ampea 39. Kwa breka ya 32 hiyo ni asilimia 122. Ile asilimia 61 mliyokuwa mkiiona kwenye skrini ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa inajibu swali ambalo siku ya matengenezo halina maana. Swali la maana ni hili: laini moja ikiondoka, iliyobaki itabeba ngapi?

Sasa hizo dakika 40. Breka ya kawaida ya kwenye bodi ina vifyatuo viwili ndani. Kimoja ni ukanda wa metali mbili zilizoshikamana. Umeme ukipita, ukanda hupata joto, na kwa kuwa metali hizo hazitanuki sawasawa, hupinda polepole mpaka ufyatue. Cha pili ni koili ya sumaku, ambayo hufyatua papo hapo umeme ukiruka ghafla mara kadhaa ya kiwango. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60898 kinataka breka ya aina hii isikate ndani ya saa moja ikibebeshwa mara 1.13 ya ampea zake, na ikate ndani ya saa moja ikibebeshwa mara 1.45. Kwa ya 32 hiyo ni ampea 36.2 na ampea 46.4. Nyinyi mlikuwa kwenye 39, katikati, mahali ambapo kiwango hakiahidi lolote. Inaweza kukata baada ya dakika 20, inaweza kukaa saa mbili. Ndiyo sababu raki nyingine tatu zilinusurika, na kunusurika huko kusiwape moyo: zilikuwa zinapinda polepole vilevile.

Kuna mambo mawili yanayoisogeza breka karibu na kukata bila mtu kugusa seva. La kwanza ni joto. Vipimo hivyo hufanywa kwenye nyuzi 30 za Selsiasi. Breka zikibanana kwenye bodi yenye joto, kila moja ikipasha jirani yake, hukata mapema kuliko namba iliyoandikwa. La pili ni volti. Seva inachotaka ni wati zake. Volti ikishuka, inavuta ampea zaidi kufidia. UPS ikiwa kwenye njia ya moja kwa moja (bypass), inayopitisha umeme bila kuurekebisha, na umeme ukashuka kutoka 230 hadi 210, zile ampea 39 zinakuwa karibu 43. Hapo umeisogelea 46.4 bila kuongeza kitu.

Kukata papo hapo mlipoirudisha kuna maelezo yake pia. Ukanda ulikuwa bado wa moto, kwa hiyo ulihitaji kidogo tu kupinda tena. Juu ya hapo mliziwasha seva 14 kwa mpigo mmoja, zote upande mmoja. Pawa saplai inapopata umeme mara ya kwanza hujaza kapasita zake kwa mfyonzo mkali wa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mifyonzo 14 ikikutana inatosha kuamsha ile koili ya sumaku. Kisha feni zote hupiga kasi ya juu seva zinapojikagua. Safari nyingine breka ikikata, chomoa au zima soketi zote za PDU kwanza, subiri dakika kadhaa ipoe, washa breka ikiwa tupu, halafu rudisha seva mbili mbili ukiacha nusu dakika katikati. PDU za kudhibitiwa kwa mtandao huweza kufanya mpangilio huo zenyewe, na BIOS nyingi za seva zina chaguo la kuchelewesha kuwaka umeme unaporudi, hata kwa muda wa kubahatisha. Liwekeni leo, halihitaji hata bajeti.

Kuhusu breka ya 40, nisikilize kwa makini. Breka haikuwekwa kulinda seva, imewekwa kulinda waya. Waya, plagi, soketi na PDU vyote vimechaguliwa kwa ampea 32. Ukiweka ya 40, kitu cha kwanza kushindwa hakitakuwa breka tena, kitakuwa sehemu iliyolegea ndani ya plagi, na itashindwa kwa kuungua. Pia kumbuka ndani ya PDU ya ampea 32 mara nyingi kuna vikundi viwili vya soketi, kila kimoja na breka yake ndogo ya 16. Hata jumla ikiwa salama, kikundi kimoja chenye seva nyingi kitakata peke yake. Angalieni ampea za kila kikundi.

Je, kiasi salama ni kipi? Kanuni za umeme za Marekani zinataka mzigo unaoendelea saa tatu au zaidi usizidi asilimia 80 ya breka ya kawaida. Kwingine breka inaruhusiwa kubeba ampea zake zote, lakini kwa mzigo usiolala usiku wala mchana, kwenye chumba chenye joto, asilimia 80 ni busara na mimi sizidi hapo. Asilimia 80 ya 32 ni ampea 25.6. Hicho ndicho kikomo cha A na B kwa pamoja, yaani ampea 12.8 kila upande siku ya kawaida. Onyo lenu kwenye PDU lilipaswa kulia kwenye asilimia 40. Mkiliacha kwenye 80, litalia wakati kila upande una 25.6 na jumla ni 51, ambapo laini moja ikiondoka nyingine inakata baada ya dakika chache.

Ukigeuza ampea kuwa wati, picha ya raki yako inakuwa hivi. Ampea 39 mara volti 230 ni volti-ampea 8,970. Pawa saplai za kisasa zikiwa na mzigo wa kutosha hufikia kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya volti-ampea inayokuwa wati halisi, cha karibu 0.97, kwa hiyo ni wati 8,700 hivi, au wati 620 kwa seva. Bajeti ya ampea 25.6 ni wati 5,700. Mmezidi kwa kilowati tatu. Kwa wati 620 kila moja, raki hii ina umeme wa seva tisa. Nafasi mnayoiona kati ya seva ni ya chuma tu.

Hapo wengi hujikwaa upande wa pili. Wanasoma 1,100 kwenye pawa saplai, wanazidisha kwa mbili kisha kwa 14, wanapata wati 30,800 na kukata tamaa. Namba ile ni uwezo wa juu wa pawa saplai, haielezi seva inakula kiasi gani, na ya pili ipo kwa ajili ya siku ya kwanza ikifa. Msipange kwa namba ya kwenye lebo, na msipange kwa wastani wa mchana mmoja. Pangeni kwa kilele kilichopimwa.

Kukipima si kazi ngumu, ila kuna mitego. Chukueni ampea za A na B kwa SNMP, njia ya kusoma vifaa kupitia mtandao, kila dakika moja, kwa wiki mbili angalau, na wiki hizo ziwe na kazi zenu nzito: nakala rudufu za usiku, ripoti za mwisho wa mwezi, masasisho. Jumlisheni A na B za dakika ileile, kisha tafuteni jumla kubwa kuliko zote. Usishtuke ukikuta A ina 30 na B ina 9. Kuna seva zilizowekwa ili pawa saplai moja ibebe na nyingine ipumzike, kwa sababu pawa saplai ikiwa na mzigo mdogo sana hupoteza zaidi. Mpangilio huo si mbaya, mradi nusu ya seva zitumie ya kwanza kama mbebaji na nusu itumie ya pili. Jumla haibadiliki. Kwa kila seva, amri ya `ipmitool dcmi power reading` itakupa wati za sasa, za chini, za juu na wastani, kama BMC yake, ile kompyuta ndogo inayosimamia seva hata ikiwa imezimwa, inaunga mkono DCMI, utaratibu wa pamoja wa kusoma na kubana umeme wa seva. Zisipokubali, ukurasa wa BMC wa mtengenezaji huwa na grafu hiyohiyo.

Sasa ushauri wa mwenzako. Breka inajali wati za dakika hii. Bili inajali kilowati-saa, yaani wati zilizokusanywa mwezi mzima. Seva inayopiga wati 700 kwa saa moja usiku na 250 saa zilizobaki inaitisha breka sana na bili kidogo. Seva inayolala kwenye wati 250 mwaka mzima bila kazi haiitishi breka sana, lakini bili inaihisi kila siku. Kwa hiyo zipo kazi mbili: kukata vilele kwa ajili ya breka, na kuondoa uzembe kwa ajili ya bili.

Vilele hutoka hasa kwenye prosesa. Umeme wa prosesa hupanda pamoja na kasi yake, na hupanda pia kwa mraba wa volti yake. Tatizo ni kwamba kasi kubwa inahitaji volti kubwa, kwa hiyo viwili hivyo hupanda pamoja. Matokeo yake, megahezi mia chache za mwisho, zile za hali ya tabo (turbo), yaani kasi ya ziada ya prosesa, hula umeme mwingi kuliko kazi zinayoongeza. Ndiyo maana sehemu ya kwanza ninayobana ni tabo. Kwenye Linux yenye prosesa za Intel na kiendeshi cha intel_pstate, kuandika 1 kwenye `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo` huizima bila kuwasha upya, na kuandika 0 huirudisha. Jaribu kwenye seva moja yenye kazi halisi, saa zenye shughuli, ukilinganisha wati na muda wa majibu kabla na baada. Kazi inayosubiri diski au mtandao mara nyingi haitagundua chochote. Kazi inayotegemea uzi mmoja wa kasi, kama baadhi ya hifadhidata, italalamika, na hiyo uiache na tabo yake.

Hali ya kuokoa umeme ya BIOS ni jina lenye tafsiri nyingi. Kwa mtengenezaji mmoja inafunga prosesa kwenye kasi ya chini kabisa saa zote. Hiyo siipendi: kazi iliyokuwa iishe kwa dakika kumi inachukua ishirini, na kwa dakika zote ishirini feni, kumbukumbu na diski zinaendelea kula. Wati zinapungua, kilowati-saa huenda zisipungue kabisa. Chaguo bora kwa seva nyingi ni lile linaloachia mfumo wa uendeshaji kuongoza kasi. Na hapa jina lingine linapotosha: kwenye intel_pstate, mpangilio uitwao `powersave` haufungi prosesa chini, unapandisha na kushusha kasi kulingana na kazi. Usiukimbie kwa sababu ya jina. Lakini chunguzeni zaidi kinyume chake, maana ndiko uzembe uliko: seva nyingi hupelekwa kazini zikiwa kwenye utendaji wa juu kabisa, ambao huzima usingizi wa prosesa. Hiyo inakula umeme hata pasipo mtu anayeitumia. Kuamka kutoka usingizi mzito huchukua sehemu ndogo ya milisekunde. Programu chache sana zina haki ya kulalamikia hilo.

Kikomo cha wati kupitia BMC ndicho chombo cha breka hasa, kwa kuwa kinaahidi dari na si nia njema. Kwa DCMI ni amri mbili: `ipmitool dcmi power set_limit limit 450`, kisha `ipmitool dcmi power activate`. Kabla ya kuamilisha, soma `ipmitool dcmi power get_limit` na uangalie imeandikwa ifanye nini kikomo kikivukwa. Chaguo mojawapo ni kuzima seva kwa nguvu. Wewe unataka iandike kwenye logi tu. Kosa hili ni dogo kuandika na kubwa kulipia.

Dari hilo lina sakafu yake. BMC hushusha kasi ya prosesa hatua kwa hatua. Ikifika chini kabisa na bado wati zimezidi, huanza kuisimamisha prosesa vipande vipande, na hapo utendaji hauteremki, unaporomoka. Kwa hesabu yetu, wati 5,700 kwa seva 14 ni wati 407 kila moja, kutoka 620. Kubana theluthi nzima kwa kila seva karibu hakika kutaangusha kazi. Kwa hiyo msitegemee kikomo kuwaokoa peke yake. Kitumieni kukata asilimia kumi au kumi na tano ya juu, kwa viwango tofauti: seva za majaribio zibanwe sana, hifadhidata kuu zisiguswe. Kumbukeni pia kwamba kikomo kinachowekwa ndani ya Linux, kwenye `/sys/class/powercap`, kinahusu prosesa, na pengine kumbukumbu, lakini si feni wala diski. Hakikisheni kwa mita ya PDU, si kwa namba mliyoiandika wenyewe.

Wapo wanaoandika skripti inayobana seva pale tu laini moja inapokufa. Wazo ni zuri, kwa sababu mzigo wa mara 1.2 unakupa dakika, si sekunde. Lakini skripti hiyo inategemea swichi, mtandao wa usimamizi na seva ya ufuatiliaji, vyote vikiwa hai katika dakika ileile umeme unapoyumba. Iwe nyongeza juu ya bajeti iliyokaa sawa. Ikiwa nguzo pekee, siku moja itawaangusha.

Kilowati tatu zitatoka wapi basi? Mimi ningeanza na seva zisizo na kazi. Mwaka 2007 Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google walieleza kwamba hata seva yenye ufanisi mzuri, ikiwa karibu haifanyi lolote, hula takriban nusu ya umeme wake wa kilele. Seva za leo zina nafuu kwa hilo, lakini hakuna inayokaribia sifuri. Seva moja inayokaa kwenye wati 200 bila kazi hula kilowati-saa 1,752 kwa mwaka, na ukiongeza umeme wa kuipoza zinazidi. Tafuteni zile ambazo prosesa yao haivuki asilimia tano mwezi mzima na mtandao wao una mapigo ya ufuatiliaji tu. Msizizime moja kwa moja. Zimeni kwanza milango yao ya mtandao kwenye swichi, msubiri wiki mbili zikiwemo siku za mwisho wa mwezi. Atakayelalamika atajulikana, na mlango hurudishwa kwa sekunde. Kimya kikitawala, ndipo mzime. Seva mbili tatu zenye kazi nyepesi zihamishiwe kwenye mashine pepe za seva moja, mkiacha nafasi ya kubeba kazi pale seva moja inayozibeba inapokufa. Hapa ndipo breka na bili zinapopona kwa pamoja, na ndiyo sababu ninaiweka mbele ya BIOS.

Feni nazo msizidharau. Umeme wa feni hupanda kwa mchemraba wa kasi yake: ongeza kasi kwa robo, umeme wake unakaribia mara mbili. Mapendekezo ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa kupasha na kupoza hewa, kwa hewa inayoingia kwenye seva ni nyuzi 18 hadi 27. Vyumba vingi hupozwa hadi nyuzi 19 bila sababu, na kupandisha kidogo kidogo huokoa umeme wa viyoyozi. Lakini pandisheni nyuzi moja kwa wiki, mkiangalia ampea za raki. Ukifika mahali feni za seva zinaanza kukimbia, umehamisha matumizi kutoka kwenye kiyoyozi kwenda kwenye laini ile ile iliyokuwa imezidiwa. PUE yenu, yaani umeme wa chumba kizima ukigawanywa kwa umeme wa vifaa vya kompyuta, itaonekana imeboreka, kwa sababu feni za ndani ya seva huhesabiwa kama kompyuta. Bili itasema vingine. Kabla ya yote hayo, zibeni nafasi tupu za mbele ya raki kwa vibao. Hewa ya moto ikirudi mbele kupitia matundu hayo, seva za juu hufungua feni zao hata kama chumba ni baridi.

Sasa mkuu wako na seva zake sita. Mpe namba, zitasema kuliko wewe. Seva 20 kwenye raki hiyo ni wati 12,400, karibu ampea 56 kwa laini moja ikibaki peke yake. Kwa mpangilio wa sasa haiwezekani, na hata siku ya kawaida kila upande ungekuwa na 28. Njia za kweli ni mbili. Kama mna nafasi sakafuni, ongezeni raki zenye laini zake na mweke seva tisa kwa raki kwa mzigo huu. Au badilisheni laini za raki hii ziwe za fezi tatu: ampea 32 kwa kila fezi, kwa asilimia 80, ni karibu kilowati 17, mradi mzigo ugawanywe sawa kwenye fezi zote na msome ampea za kila fezi peke yake. Ila umeme ukipatikana joto linafuata. Kupoza kilowati 12.4 kwa tofauti ya nyuzi 12 kati ya mbele na nyuma ya raki kunahitaji takriban mita za ujazo 3,100 za hewa kwa saa, zifike mbele ya raki hiyo, si kona nyingine ya chumba. Na UPS msizisahau. Raki nne kama hii ni karibu kilovolti-ampea 36 juu ya UPS moja siku nyingine inapolala; seva sita zinazisukuma karibu na 40. Kama UPS yenu ni ya 40, mmekwisha kuijaza.

Mkishafikisha jumla chini ya ampea 25.6, jaribuni tena kwa hiari yenu, kabla umeme haujawajaribu. Kwanza pitieni kila seva: pawa saplai zote mbili ziwe hai, na waya zake ziende PDU mbili tofauti. Kuna seva ambazo waya zote mbili zimechomekwa A, na hujulikana siku A inapozimwa. Kisha zimeni A ya raki moja tu, si UPS nzima, na muiache hivyo kwa saa mbili. Dakika tano hazithibitishi kitu kwa kifaa kinachokata kwa joto la polepole. Katika saa hizo pimeni B kwa mita ya klampu mlinganishe na PDU, na pimeni joto la plagi na viungio kwa kipimajoto cha infraredi. Plagi yenye joto kuliko wenzake wenye mzigo uleule imelegea au imechakaa.

Hapo ndipo mwisho wa kazi yenu na mwanzo wa kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa. Kufungua bodi, kubadili breka, kuvuta laini mpya na kuhamia fezi tatu ni kazi yake, na aje na kipimo cha waya uliopo, urefu wake na namna ulivyopitishwa. Mwiteni bila kusubiri jaribio mkinusa harufu ya plastiki iliyoungua, mkiona soketi iliyobadilika rangi, breka ikikata wakati jumla iko chini ya 32, au breka ile ya raki ya pili ikiendelea kuwa ya moto mkononi kuliko za jirani. Imekwisha kukata mara mbili, ya pili ikiwa na seva zote 14 juu yake. Ningemwomba aipime na kukaza viungio vyake katika ziara hiyohiyo. Na fundi wa UPS akija tena, mwambieni kabla hajazima upande wowote awasomee mzigo wa upande utakaobaki.